Rehani ya Amani: Sehemu ya Kumi na Moja

Mlango wa kanisa dogo ulifunguka kabla Padre Tomé hajamaliza kunong'ona.

Nyinyi mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua alichokuwa ananong'ona, na wapo walionilaumu kwa kumwacha bibi wa watu amepiga magoti siku saba. Aliyefika leo, apate upesi. Doña Leocadia, mke wa balozi wa Hispania, yuko London yeye na binti yake Jimena. Ni rehani, mwezi wa nane huu. Mumewe, Don Baltasar, Markizi wa Valdehierro, alirudi kwao akiongozana na mjumbe wa Uingereza, Bwana Edmund Thornleigh, kwenda kutafuta amani baina ya falme mbili. Bwana Edmund akirudi salama, mama na binti waachiwe. Asiporudi salama, je? Hilo halikuandikwa popote, kwa sababu kila mtu alilielewa.

Na nyumba waliyowekwa, yenye kanisa hili dogo ndani yake, ni ya huyo huyo Bwana Edmund, ukingoni mwa mto Thames. Anayekaa nao, anayekula nao, anayecheza nao karata, ni mkewe, Bibi Margery.

Asubuhi ile Padre Tomé, padre wao, alikuwa amepasua mshumaa mnene ulioletwa na muuza mishumaa, akatoa ndani yake kikaratasi kilichoviringwa kama sindano. Mwandiko wa Don Baltasar. Maneno machache, ndiyo aliyokuwa akiyanong'ona: *Edmund amefariki Burgos. Nyamaza. Usitoke hapo mpaka likufikie neno langu.*

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Bibi Margery anacheka, barua mkononi.

"Bado mnasali tu? Nyie Wahispania mtamchosha Mungu!"

Leocadia hakuwa na pa kukificha. Alikitia kikaratasi mdomoni.

"Unatafuna nini?"

"Mkate mtakatifu," Padre Tomé akadakia, uso mwekundu kwa ule uongo.

Bibi Margery, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, aligeuza macho pembeni kwa adabu. Leocadia alimeza. Nta ilimkwama kooni, akakohoa, akameza tena.

"Nimepata barua ya Edmund," Margery akasema.

Moyo wa Leocadia uliruka. Barua ya Edmund! Basi yuko hai. Basi Baltasar kakosea.

"Ya lini?"

"Kaiandika Madrid, mwezi uliopita. Imezunguka sana njiani, maskini." Aliikunjua. "Sasa sikia. Yote kaandika Kiingereza, isipokuwa mstari mmoja huu wa mwisho. Kauandika kwa lugha yenu, makusudi, kunichokoza. Anajua siwezi kuusoma. Hebu nisomee, ndugu yangu."

Mwezi uliopita. Moyo ulioruka ukarudi chini.

Leocadia aliipokea barua. Mwandiko wa Bwana Edmund ulikuwa mkubwa, wa mtu asiye na haraka. Aliusoma ule mstari kimoyomoyo, akaurudia.

"Vipi? Kaandika matusi?"

"Si matusi." Alijikaza. "Anasema... *Kisogeze kitanda dirishani. Nimechoka na vyumba vya giza vya huku. Nikiamka nataka nikuone vizuri.*"

Padre Tomé alijifanya anakwangua nta sakafuni.

"Rudia," Margery akasema.

Leocadia alirudia. Safari hii midomo ya Margery ilikuwa ikimfuata, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza sala.

"Haya," akasema, akaikunja barua mara nne na kuiingiza kifuani. "Leo leo nitawaambia wakisogeze."

"Jimena yuko wapi? Sijamwona tangu kifungua kinywa."

"Si ulisema mtoto anapauka kwa kukaa ndani? Nimewaombea ruhusa wakubwa, wamekubali. Ametoka na wifi yangu kwa mashua, wanakwenda kuona bata maji."

Miezi minane Jimena hajavuka lango. Leocadia alimshika yule mama mikono yote miwili na kuibusu, huku akijiona mchafu kuliko mwizi, kwa sababu mikono ile ilikuwa ya mjane na yeye alikuwa akiibusu kimya. Ilikuwa baridi mno, ile mikono. Alidhani ni kwa sababu ya kanisa.

Margery alipotoka, Padre aliufunga mlango na kuuegemea.

"Umeimeza barua ya mumeo."

"Imeshuka vizuri kuliko pai yao ya mikunga."

"Usifanye mzaha, binti yangu. Sikiliza. Yuko nahodha mmoja wa Bretania, kule Ufaransa, Mkatoliki mwenzetu. Merikebu yake iko gatini Billingsgate, imepakia ngozi. Maji yakianza kupwa, saa saba mchana, anang'oa nanga. Leo. Nimeshasema naye."

"Baltasar kasema nisitoke."

"Don Baltasar yuko mbali. Mimi na wewe tuko hapa. Habari hii imetufikia leo. Na wao itawafikia, kama si kesho, keshokutwa. Ikiwafikia mtalala Mnarani, gerezani, wewe na mtoto."

Leocadia alitembea hadi madhabahuni, akarudi.

"Kafaje, Padre? Karatasi haikusema kafaje."

"Haikusema."

"Mtu mzima, mwenye afya, anayecheka vile. Kaondoka hapa anaimba."

"Watu hufa njiani, bibi. Maji mabaya, homa. Hata wenye afya."

"Waingereza watasema tumemuua."

"Ndiyo maana nasema merikebu."

Alifikiri kwa muda wa kusoma Baba Yetu mara moja. Kisha akasema, "Jimena akirudi tu, tunaondoka. Walinzi wamezoea kutuona tukishuka bustanini. Tutapitia ngazi ya mtoni."

"Akirudi saa ngapi?"

"Bata maji wanaangaliwa kwa muda gani, Padre? Atarudi."

Hakurudi.

Leocadia alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, akakaa dirishani. Mto ulikuwa umejaa vyombo. Mashua za mawakili, mashua za samaki, mashua ya kifahari yenye mapazia ya buluu. Kila iliyopunguza mwendo mbele ya ngazi alisimama. Kila iliyopita alikaa. Kengele za mji zikagonga saa tano.

Akaanza kukasirika, kama mama yeyote. Yule wifi wa Margery mzembe, anapenda kusimama kila mahali kupiga soga. Mtoto hana hata joho zito. Akija atamsema.

Kengele zikagonga saa sita.

Hasira ikaisha. Kilichokuja badala yake hakikuwa na jina. Padre Tomé alipita mara mbili uani, mara zote mbili akatazama juu dirishani, mara zote mbili Leocadia akatikisa kichwa.

"Bibi," mtumishi akabisha hodi. "Unaitwa mezani."

Meza ilikuwa imeandaliwa vizuri kupita siku zote. Kondoo wa kuchoma, mkate mweupe, bia, hata zeituni chache ambazo Margery alizitafuta mjini kwa ajili ya mgeni wake. Margery alikuwa akikata nyama na kuongea bila kupumua.

"Nimemwita fundi wa rangi. Chumba kizima kipakwe upya. Nikasema kijani. Halafu nikakumbuka, Mungu wangu, Edmund alikuwa hapendi kijani. Nikamwambia basi, buluu. Wewe unaonaje?"

Leocadia aliisikia ile *alikuwa hapendi*. Akaipuuza. Kiingereza chake kilikuwa cha miezi minane tu, mara ngapi amekosea wakati uliopita na uliopo?

"Buluu nzuri," akasema. "Hawajarudi tu?"

"Watarudi. Kula. Na sherehe ya kumpokea nitaifanya hapa hapa. Wewe utakaa kulia kwangu. Jimena tutamkalisha karibu na mwanangu Hugh, akipata ruhusa ya kutoka kwenye merikebu Plymouth. Hugh ana haya sana kwa wasichana, utacheka..."

"Margery."

"...akiona msichana masikio yanakuwa mekundu kama..."

"Margery, watarudi saa ngapi?"

"Kula kwanza."

Kengele ikagonga. Mara moja. Saa saba.

Billingsgate, nahodha wa Bretania alikuwa akivuta kamba. Leocadia aliona wazi kabisa, kana kwamba yuko gatini, lile pengo la maji kati ya merikebu na mawe likipanuka. Imekwenda. Hapakuwa tena na sababu ya kunyamaza isipokuwa amri ya mumewe, na amri ile alikuwa ameshaimeza asubuhi.

"Weka kisu chini," akasema.

"Nini?"

"Weka kisu chini, tafadhali. Nina jambo. Nimekuwa nalo tangu asubuhi, nimekaa nawe, nimekushika mikono, na nimekunyamazia. Mungu ataniuliza." Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. "Edmund amekufa. Amekufa Burgos. Mumeo hayupo, Margery."

Alikuwa amejiandaa kwa ukelele. Alikuwa ameshainuka nusu ili amdake asianguke.

Bibi Margery aliweka kisu chini taratibu, sambamba na sahani. Hakupiga ukelele. Hakuanguka.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Najua tangu Jumapili."

Leo ilikuwa Jumatano. Leocadia alikaa.

"Jumatatu tulicheza karata."

"Tulicheza."

"Jana ulicheka. Ulicheka mpaka ukashika mbavu."

"Niliambiwa nicheke." Sauti ya Margery ilikuwa imebadilika, ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma orodha. "Kuna mtu anaitwa Haddon, katibu wa bwana mmoja mkubwa. Alikuja Jumapili, akaniwekea pete ya Edmund mezani. Hapo hapo ulipoweka kiwiko. Kisha akanifundisha. Ukilia, Mhispania atajua. Akijua atatoroka. Kwa hiyo cheka, paka rangi nyumba, panga sherehe. Siku tatu, Leocadia, nalilia ndani ya kabati la nguo, nimejiziba mdomo kwa koti lake. Nikitoka najipaka poda, nakuja kukuuliza kijani au buluu."

"Na barua? Ile ya asubuhi?"

"Barua ni yake kweli. Ilifika jana." Hapo ndipo sauti ilipokatika kidogo. "Hakuna aliyeniagiza niilete kwako. Hiyo niliileta mwenyewe. Sina mwingine anayejua lugha yenu. Nikasema, wakishakuchukua, nani atanisomea? Nitakaa na ule mstari mpaka nizeeke, sijui kaniambia nini."

*Wakishakuchukua.*

Leocadia alilisikia lile neno likizunguka chumbani kabla halijatua. Lilipotua, alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma.

"Jimena."

Margery alitazama sahani.

"Jimena yuko wapi?"

"Mashua haikwenda kuona bata maji."

"Yuko wapi mwanangu?"

"Niliwaomba wawachukue pamoja. Niliomba, naapa. Niliwaambia ana miaka kumi na mitano, hajawahi kulala mbali na mama yake. Hawakutaka hata kunisikiliza. Nani anamsikiliza mjane?"

Leocadia alimpiga kofi. Lilisikika hadi jikoni. Margery hakujikinga, wala hakushika shavu. Alikaa tu, alama za vidole zikimwivia usoni, kana kwamba alikuwa akilisubiri tangu Jumapili na sasa limekuja kumpumzisha.

Leocadia alikimbia.

Ngazi, ukumbi, ua. Magauni mawili yalimlemea. Langoni, ambapo jana walikuwa askari wawili wakipiga soga, leo walikuwa wanane. Yule mwenye makengeza, aliyezoea kumvulia kofia kila asubuhi na kumwuliza kwa Kihispania kibovu kama amelala vizuri, alimzuia kwa mpini wa mkuki.

"Nipishe."

"Rudi ndani, bibi."

"Wewe unanijua. Unamjua mwanangu. Alikuchorea farasi!"

"Alinichorea," yule askari akasema, macho yake yakitafuta pengine pa kutua. "Rudi ndani, tafadhali. Na mimi nina watoto."

Upande wa mto ukasikika ukelele. Watu wawili walikuwa wakimburuta Padre Tomé kuelekea ngazini, kiatu kimoja kimemtoka, kanzu imejaa matope. Alimwona. Alijipinda kama samaki akapata kugeuza kichwa.

"Usitie sahihi!" akapiga kelele kwa Kihispania. "Bibi! Wakikuletea lolote, usitie sahihi!"

Mmoja akamziba mdomo. Wakamshusha, akatoweka.

Leocadia alibaki uani peke yake. Alitaka kulia, akashindwa. Alitaka kuomba, akakuta hana wa kumwomba. Walio langoni hawana uwezo, na wenye uwezo hawako langoni. Alirudi ndani kwa miguu yake mwenyewe. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Bwana Haddon alikuwa ameshaketi mezani.

Alikuwa mwembamba, mwenye mafua, na kila baada ya sentensi mbili alifuta pua kwa leso safi. Alisimama kwa heshima alipomwona, akainua kile kiti kilichoanguka na kukiweka sawa.

"Bi mkubwa, keti. Pole kwa usumbufu."

"Mwanangu."

"Yuko salama, na amekula. Ni msichana mwenye kiburi, anakusifu sana." Alitandaza karatasi. "Hii ni fupi. Nitakusomea kwa Kihispania chako ili asije mtu akasema hukuelewa."

Akasoma. *Mimi, Leocadia, Markiza wa Valdehierro, nashuhudia kwa hiari yangu kwamba mume wangu aliondoka London akiwa ameazimia kumuua Bwana Edmund Thornleigh kwa sumu, na kwamba aliniambia hivyo usiku wa kuagana.*

"Ni uongo," Leocadia akasema.

"Sikukuuliza kama ni kweli."

"Usiku wa kuagana tulizungumza habari za meno ya Jimena. Baltasar anampenda Edmund. Walikuwa wakishindana kunywa kama vijana!"

"Nasikia hivyo." Akafuta pua. "Bi mkubwa, wako mabwana waliochoka na habari za amani. Wanataka vita na hawana sababu ya kuwaridhisha wengine. Mke wa balozi akimshtaki mumewe kwa mkono wake, hiyo ni sababu."

"Unaniambia wazi wazi hivyo?"

"Utamwambia nani?"

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua kweli. Leocadia alitafuta jibu kichwani, akapita kila jina analolijua katika nchi ile. Hakupata hata moja.

"Ukitia sahihi," Haddon akaendelea, "kesho asubuhi binti yako anapanda merikebu Dover, anashukia Calais, masista wa huko wanampokea. Usipotia, analala Mnarani. Vyumba vilivyobaki ni vya chini. Maji ya mto yakijaa huingia. Sipendi kusema hivyo kuhusu mtoto, lakini ni vizuri uchague huku unajua."

Bibi Margery alikuwa bado kitini pake. Wala hakuwa ameitwa wala kufukuzwa, walikuwa wamemsahau. Sasa akasema, "Haddon. Mwanangu yuko Plymouth."

"Najua, bibi."

"Yuko kwenye merikebu ya vita. Ana miaka kumi na tisa. Akitia sahihi huyu, merikebu zinaondoka."

"Ndiyo kazi ya merikebu."

"Mmenichukulia mume. Mnataka na Hugh?"

"Mume wako hatukumchukua sisi," Haddon akasema kwa upole, akamgeuzia mgongo.

Kalamu ilikuwa mezani. Leocadia aliitazama. Alimwona Jimena chumba cha chini, maji yakipanda vidole, magoti. Alimwona na Baltasar akisimama mbele ya mfalme wake na karatasi ile ikisomwa. Alimwona mpaka Hugh, ambaye hajawahi kukutana naye, kijana wa masikio mekundu. Kila upande aliotazama alikuwapo mtu.

"Margery," akasema. "Ungekuwa wewe?"

Haddon aliinua kichwa. Hata yeye alitaka kusikia.

Margery alimgeukia. Alama za kofi bado zilikuwa shavuni. Angeweza kusema *mimi nisingetia*, na pengine Leocadia angemwamini, na merikebu za Plymouth zingebaki zimefungwa kamba.

"Ningetia," akasema. "Mungu anisamehe, na Hugh anisamehe. Ningeshatia zamani."

Leocadia alichukua kalamu.

Jina lake lilikuwa refu, kama majina ya watu wa kwao yalivyo, ya baba, ya mama, ya bibi. Yale ya kuzaliwa aliyaandika kwa mkono usiotikisika. Lilipofika jina la Valdehierro, lile alilopewa na ndoa, wino uliruka ukatia doa. Akamaliza hivyo hivyo.

Haddon alinyunyiza mchanga, akapuliza, akaikunja na kuitia ndani ya koti. Kisha akagonga meza mara mbili.

"Mleteni."

"Jimena!" Leocadia akasimama, mikono ameshaifungua.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Waliingia askari wawili, na katikati yao mwanamume mrefu aliyevaa nguo za mfanyabiashara wa sufu. Ndevu zimenyolewa. Mikono imefungwa nyuma. Mdomo umezibwa kwa kitambaa.

Ilimchukua Leocadia muda kumtambua, kwa sababu ya ndevu. Macho ndiyo aliyoyajua.

"Baltasar."

"Tulimkamata Dover Jumamosi," Haddon akasema. "Alikuja mwenyewe kuwachukua, wewe na binti. Pete ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake. Nilimweka nyuma ya mlango tangu mlipoanza kula. Kuna mabwana watakaotaka kujua kama alipolisikia shtaka la mkewe alishtuka au hakushtuka."

Leocadia alimrukia. Si mumewe, Haddon. Alilikamata lile koti kwa kucha, akapasua kifungo, na askari wawili wakamwondoa kama anavyoondolewa paka juu ya meza. Alikuwa akisema kitu, jambo moja tu, tena na tena, na hakuna aliyemsikiliza isipokuwa mumewe: *sikujua, sikujua uko hapo, sikujua.*

"Mfungueni mdomo," Haddon akaamuru.

Kitambaa kikatolewa. Don Baltasar alimeza mate mara mbili.

"Jimena yuko wapi?" akauliza.

Mkewe alimgeukia Haddon. Haddon alifuta pua.

Ndipo Bibi Margery akainuka. Alizunguka meza, akapita mbele ya askari kana kwamba hawapo, akasimama mbele ya mfungwa, karibu kabisa.

"Ulikuwa naye?" akamwuliza. "Mwisho?"

"Bibi Margery, nyamaza," Haddon akasema.

"Nimenyamaza tangu Jumapili. Leo basi." Hakumtazama hata. "Don Baltasar, ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye, bibi."

"Ilikuwa homa. Sivyo? Njiani kuna homa. Niambie ilikuwa homa."

Haddon aliinuka nusu. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na maana. Mjane akisikia kwa masikio yake, mbele ya askari, kwamba mumewe alikufa kwa homa, akaapa hivyo popote atakaposimamishwa, ile karatasi kotini ni ya kuwashia moto tu. Leocadia naye aliliona. Aliacha kupigana na mikono iliyomshika. *Sema homa,* akamsihi mumewe kwa macho. *Neno moja tu. Sema.*

Don Baltasar alimtazama mkewe. Kisha akamtazama yule mjane, aliyekuwa amekunja mikono kifuani, hapo ilipo barua.

"Alifia mikononi mwangu," akasema, "na jina lako mdomoni. Hilo chukua, bibi, ni lako. Lakini sikuvuka bahari kuja kukudanganya."

Akavuta pumzi.

"Haikuwa homa."